Saluni ya Mbio Ziwani: ya Kijapani au ya Kijerumani?

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Hupitiwa na malori, baiskeli zilizobeba madumu ya mawese na akina mama wachuuzi wa ndagala. Mwenye kutamani saluni ya mbio katika njia hiyo hana budi kupima mengi kabla ya kutoa fedha zake.

Wajerumani waliunda saluni zao kwa ajili ya barabara kuu pana za lami. BMW M5 ya mwaka 1985 ilikuwa na injini ya lita 3.5, silinda 6 na nguvu za farasi 286, iliyozungusha magurudumu ya nyuma. Wajapani walishika njia nyingine. Mitsubishi Lancer Evolution, iliyotoka mwaka 1992, ilikuwa na injini ya lita 2 tu, lakini iliongezewa hewa kwa tabo na kuzungusha magurudumu yote manne.

Mashindano ya Safari nchini Kenya yalizipima nchi hizo mbili katika vumbi na matope. Mwaka 1979, Mkenya Shekhar Mehta aliyeendesha Datsun 160J alimshinda Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes 450 SLC ya lita 5. Mwaka 1987 Mikkola huyo huyo alirudi na Audi 200 Quattro, nayo ya tabo na magurudumu manne, akashinda. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Tommi Mäkinen katika Lancer Evolution. Ushindi, basi, haukufuata bendera. Ulifuata gari lililoifaa njia.

Kwa njia ya Rumonge, jambo kubwa kuliko injini ni usukani. Nchini Burundi magari hupita kulia. Saluni zilizotumika Japani huwa na usukani wa kulia, na zile za Ujerumani usukani wa kushoto. Dereva wa usukani wa kulia anayeelekea kusini hukaa upande wa ziwa. Akitaka kulipita lori, hulazimika kulitoa gari karibu lote katikati ya barabara ndipo aone kinachokuja. Hapo wepesi wa gari humtia ushawishi wa kubahatisha, na abiria aliyeketi kushoto ndiye wa kwanza kukabili hatari.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye familia na aulize kwanza: usukani uko upande gani? Breki na tairi zina hali gani? Vipuri vinapatikana, na yuko fundi anayeijua injini hiyo? Mwenye gari la tabo asisahau kubadili oili kwa wakati, wala asizime injini ghafla baada ya mwendo mkali. Atakayechagua usukani wa kulia akubali kukaa nyuma ya lori mpaka njia ionekane wazi, hata kama gari lake lingeweza kulipita kwa sekunde chache.