Uwezekano wenye Sharti

Wengi wetu huchanganya maswali mawili. Mgonjwa akipimwa, kuna uwezekano gani kwamba kipimo kitaonyesha ugonjwa? Na kipimo kikionyesha ugonjwa, kuna uwezekano gani kwamba aliyepimwa anaugua? Hili la pili ndilo alilolishughulikia Mwingereza Thomas Bayes, katika makala iliyochapishwa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufariki. Tuchukulie watu 1,000, wagonjwa wakiwa 20. Kipimo kinawatambua wote 20, ila kinawasingizia asilimia 5 ya wazima 980, yaani watu 49. Walioambiwa wanaugua ni 69. Wagonjwa hasa hawafiki hata thuluthi! Ndiyo maana anayepimwa virusi vya UKIMWI hurudiwa kwa kipimo tofauti kabla ya kuambiwa kwamba anavyo.