MAFIGO, MAYANI NA DAWA ZA HOSPITALI



Siku za kupima watoto hapa Kalundu, ulizo moja linarudi mara nyingi: "Munganga, mutoto wangu anapigwa sindano. Wanasema dawa hizi zinaharibu mafigo. Nikimunywesha maji ya mayani, haitamulinda?" Ulizo hilo ni zuri, maana mama anayeuliza hivyo anapenda mtoto wake. Basi tutalijibu pole pole.

MAFIGO NI KITU GANI?

Mafigo ni mawili. Yanakaa mgongoni, karibu na mbavu za chini, moja kila upande. Figo la mtu mzima ni kama ngumi ya mkono wake. Kazi yake ni kuchuja damu. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, na jicho haliwezi kuviona. Kwa siku moja, mafigo ya mtu mzima yanachuja maji ya damu karibu litri 180. Hesabu bidoni 9 za litri 20: ndizo hizo! Karibu maji yote yanarudi mwilini. Litri moja au mbili tu zinatoka kama mkojo, pamoja na uchafu.

Mafigo ya mtoto mchanga ni madogo na bado hayajapata nguvu. Dawa inakaa mwilini mwake muda mrefu kuliko mwilini mwa mtu mzima. Na kichujio kikishakufa kabisa, hakioti tena.

JE, DAWA INAWEZA KUUMIZA MAFIGO?

Ndiyo, dawa fulani zinaweza. Tukamate mfano wa jentamisini. Ni dawa ya sindano, nayo imeokoa watoto wachanga wengi wenye ambukizo la damu. Inatoka mwilini kwa njia ya mafigo, lakini sehemu yake inabaki ndani ya nyama ya figo na kujikusanya siku kwa siku. Ikipigwa kupita kipimo, au siku nyingi mno, au mwili ukiwa umekauka maji, basi figo linaumia. Vilevile inaweza kuumiza masikio. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo zinaumiza mafigo, zaidi kwa mtu anayehara na kutapika.

Juu ya nini basi hospitali inatumia jentamisini? Kwa sababu ugonjwa wenyewe ungemuua mtoto upesi. Munganga anapima kilo za mtoto, anahesabu siku, anauliza habari za mkojo. Kama figo limeanza kuumia na dawa ikasimamishwa mapema, mara nyingi linapona.

Kwa hiyo hatari kubwa ni ile sindano inayopigwa nyumbani, bila mizani, na mtu aliyenunua chupa sokoni.

NA MAYANI, JE?

Wamama, hatudharau mayani. Hata neno letu "kinini" linatoka kwa dawa iliyopatikana katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Na dawa ya malaria tunayotumia leo, artemisinini, ilitoka katika mmea wa China. Mungu ameweka nguvu nyingi katika miti.

Tena ni kweli kwamba wenye elimu wamejaribu mayani juu ya mafigo. Waliwapa panya jentamisini nyingi, kusudi mafigo yaumie. Panya wengine wakapewa pia dawa iliyokamuliwa katika kitunguu saumu, au manjano, au wanyama wengine wakapewa mayani ya moringa. Katika majaribio mengi, wale waliopewa mmea waliumia kidogo kuliko wenzao. Habari hizi zinatembea, na wauzaji wa mayani wanazitumia sana.

Lakini sikiliza vizuri, mama: panya si mtoto wako. Mmea ule ulijulikana, ulipimwa kwa mizani ndogo kabisa, na kila panya alipewa kiasi chake. Kwa watu, jambo hili bado halijathibitishwa. Haiko dawa ya mayani ambayo hospitali inaweza kukupa na kusema, "Hii italinda mafigo ya mtoto."

Tena mayani yenyewe yanaweza kuumiza. Tazama mambo manne:

1. Mafigo yanayosafisha dawa ya sindano ndiyo yatakayosafisha maji ya mayani. Umeongeza mzigo juu ya mgonjwa.

2. Chungu hakina kipimo. Leo mayani ni makali, kesho ni mepesi. Kikombe kinachofaa baba ni kingi mno kwa mtoto wa kilo nne.

3. Kumwingizia mtoto maji ya mayani kwa nyuma, kwa mpira, kunaweza kumharisha. Maji ya mwili yanatoka, na mafigo yaliyokauka ndiyo yanayoumizwa upesi na dawa.

4. Mayani yanafanana. Mtu anaweza kukosea.

Juu ya jambo hilo la nne, kuna habari ya kweli. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikwenda kwa kituo kimoja cha Bruseli kutafuta dawa ya kupunguza unene. Walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina la kufanana, unaoitwa aristolokia, nao una sumu ya mafigo. Mwaka 1993 waganga walitangaza jambo hilo. Wanawake zaidi ya 100 waliumia. Wengi mafigo yao yalikufa kabisa, na wengine baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo. Kama watu wenye mizani na vitabu walikosea jani, sisi sharti tujihadhari zaidi.

KINGA YA KWELI YA MAFIGO

Kinga iko, nayo haina bei kali:

- Mtoto wa chini ya miezi sita, mupe ziwa tu, mara nyingi, mchana na usiku. Hana haja ya maji wala ya mayani.

- Mtoto akihara au kutapika, usingoje. Sisi wa kando ya ziwa, toka Uvira mpaka Baraka, tunajua kolera. Mwili ukikauka, mafigo yanaweza kusimama, hata bila dawa yoyote. Mupe maji ya chumvi na sukari: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Endelea kumnyonyesha, na umlete kwa kituo cha afya.

- Usikubali sindano ya nyumbani. Dawa ipigwe pale ambapo mtoto amepimwa kilo.

- Usikamate dawa ya mtoto mmoja na kumupa mwingine. Siku zilizoandikwa, zifuate, usizidishe, usikatishe.

- Leta fishi ya mtoto kila mara. Ukiwa umemupa mayani, sema. Munganga hatakugombeza, anataka kujua tu, ili achague dawa vizuri.

ALAMA ZA HATARI

Njoo hospitali upesi, hata usiku, ukiona moja ya hizi:

- Mtoto hakukojoa tangu asubuhi mpaka mchana.
- Uso na macho vinavimba asubuhi, au miguu inavimba.
- Mkojo ni mwekundu, au mweusi kama chai kali.
- Mtoto anapumua mbio, anatapika, analala sana na kuamka ni vigumu.

Usingoje kesho. Figo lililokufa linahitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo ni ya bei kali, tena haipatikani kila mahali.

NYUMBANI UTASEMA NINI?

Tunajua kwamba nyumbani mama hayuko peke yake. Bibi anakuja na mayani yake mkononi, naye anampenda mjukuu. Usimdharau. Mwambie kwa heshima: "Bibi, asante. Mutoto angali kwa sindano. Tungoje kwanza dawa imalizike, tumuulize munganga." Na kama bibi anataka kusaidia, ampikie mama anayenyonyesha sombe na ndagala. Hata kitunguu saumu kiingie katika chungu cha chakula, hakina neno. Bibi apike, mama anyonyeshe, mtoto akojoe vizuri.

Basi, jibu la ulizo letu ni hili: maji ya mayani hayatamlinda mtoto na sindano. Kipimo cha kweli, ziwa la mama, na mdomo usioficha habari, hivyo ndivyo vinavyomlinda. Msomee jirani asiyejua kusoma.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.