Simu Yako Ndani ya Tamasha: Lipi Halali, Lipi Kosa?



Kila msimu wa sikukuu unapowadia, viwanja na kumbi za miji yetu ya mpakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Mutukula, hufurika watu waliokuja kumsikiliza msanii wampendaye. Mara apandapo jukwaani, simu huinuliwa juu. Wengi hawana nia mbaya. Wanataka kumbukumbu tu. Hata hivyo, swali hurudi kila mara: je, kurekodi tamasha kwa simu ni kosa? Jibu hutegemea mambo mawili: idhini uliyo nayo, na matumizi ya kile ulichokirekodi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba wimbo mmoja hubeba haki za watu kadhaa. Mtunzi ana hakimiliki, ambayo hapa Uganda hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwimbaji aliye jukwaani, hata kama wimbo hakuutunga yeye, ana haki yake iitwayo hakishiriki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inampa uwezo wa kuruhusu au kukataa onyesho lake lirekodiwe, lirushwe hewani au litolewe nakala. Si lazima haki hizi ziandikishwe ndipo zilindwe.

Kwa hiyo, tiketi hukununulia nafasi ya kutazama; haikufanyi mmiliki wa ulichokitazama. Aidha, mwandaaji anaweza kuweka sharti mlangoni kwamba kurekodi ni marufuku, na anayekiuka sharti hilo anaweza kutakiwa kuondoka.

Sheria hiyohiyo imeacha nafasi kwa matumizi ya binafsi yenye kiasi. Anayenasa kipande kifupi pasipo katazo, akakitazama nyumbani na jamaa zake, si mtu anayesakwa na polisi. Tatizo huanza kumbukumbu inapogeuzwa bidhaa. Tuchukue mfano wa kijana anayelipa kiingilio, akarekodi onyesho zima, na kesho yake akalinakili kwenye memori kadi za wateja kibandani kwake. Au mwenzake anayelirusha mbashara mtandaoni huku msanii angali anaimba. Kila mteja hulipa kidogo, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Kiingilio kikipungua, hukosa malipo si mwimbaji peke yake, bali pia mpiga gitaa, mpiga ngoma na fundi wa mitambo. Makosa ya namna hii huweza kuleta faini, kifungo, au vyote viwili.

Wapo wanaodhani kosa huishia mpakani. Busia ni miji miwili yenye jina moja, na memori kadi huvuka kwa dakika chache. Lakini upande wa pili nao una sheria. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nchi zote tatu ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1995, na mkataba wake wa mali za ubunifu unazitaka ziwatendee wasanii wa nchi wanachama kama zinavyowatendea wa kwao.

Nanyi mwenye simu mna haki. Mlinzi wa mlangoni anaweza kukuomba uache kurekodi au utoke. Hana ruhusa ya kukupiga, kukupora simu wala kuivunja. Akitenda hivyo, fika kituo cha polisi kilicho karibu utoe taarifa. Simu ikihitajika kuwa kielelezo, huchukuliwa na polisi kwa utaratibu wa sheria.

Tunashauri hivi: soma masharti kabla ya kuingia, uliza pale usipoelewa, usirushe mbashara wala kuuza bila idhini ya maandishi. Msanii aliyedhulumiwa atoe taarifa polisi, na kuhusu uandikishaji wa kazi yake afike URSB hapa Uganda, KECOBO nchini Kenya, au COSOTA nchini Tanzania.

Tuzilinde kazi za vijana wetu kama tunavyolinda mazao shambani. Aliyepanda ndiye anayestahili kuvuna.