Ochuoga, zambarau na kijiko cha zeituni: Kitindamlo cha Sindo kisichotoboa mfuko

Fungua simu jioni yoyote. Baada ya video tatu za densi utakutana na mtu anayemimina mafuta ya zeituni juu ya keki iliyojaa bluberi. Keki inang'aa, kijiko kinazama chenyewe, na kule kwenye maoni watu wanalilia wapewe maelezo ya kupika.

Kisha unaangalia ulipo. Uko Sindo, Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Ziwa liko mbele yako, omena zimeanikwa juani, na duka la karibu lina unga, sukari, mayai na mafuta ya kupima. Bluberi hakuna. Chupa ya zeituni nayo, hata ukiifuata Mbita au Homa Bay mjini, inaweza kumeza pesa ulizotenga za unga na sukari ya wiki nzima.

Wengi huishia hapo. Wanaipa video alama ya moyo na kuendelea na maisha. Lakini ukiichambua keki ile utagundua siri yake ni mambo mawili tu: tunda dogo lenye rangi na uchachu, na mafuta yasiyoganda. Yote mawili Sindo yapo. Zeituni yenyewe inahitajika kijiko kimoja tu, tena mwishoni.

Matunda yapo vichakani

Anza na ochuoga. Kwa Kiswahili mmea huu huitwa mtandamboo, na kama umekulia upande huu wa ziwa huhitaji kuelezwa zaidi. Ni kichaka chenye miiba kinachoota kwenye nyika, kando ya njia na kwenye ua wa boma. Tunda changa ni la kijani, likaanza kuwa jekundu, na likiiva kabisa linakuwa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Hapo utamu wake umekamilika, na uchachu kidogo umebaki kwa nyuma. Ndio ladha ileile watu wanayoitafuta kwenye bluberi za madukani.

Zambarau nayo, ile ambayo Wajaluo huiita jamna, asili yake ni Asia Kusini, lakini ishakuwa mwenyeji. Imezoeleka kiasi kwamba Kiswahili kiliitolea tunda hili jina la rangi nzima. Ina ukakasi unaokausha ulimi, na watu wa pwani wana dawa yake ya miaka mingi: chumvi. Tikisa zambarau zako na chumvi kidogo kwenye bakuli lenye kifuniko, uziache robo saa, kisha uzisuuze.

La tatu ni forosadi, ambayo vijana wengi huijua kama malberi. Majani ya mforosadi ndiyo chakula cha viwavi wa nondo wa hariri. Matunda yake ni laini mno, hayavumilii safari, kwa hivyo huyapati dukani ila kwa nadra. Mwenye mti nyumbani ndiye tajiri.

Tatizo ni kwamba haya yote tumeyaweka kwenye kapu la "matunda ya watoto". Ukiwa darasa la tatu unarudi nyumbani ulimi mweusi na hakuna anayekucheka. Ukifika kidato cha pili unaanza kuona aibu kuchuma kitu kichakani. Halafu ukihamia Nairobi unalipa pesa nzuri kwa kikopo cha stroberi kilichofunikwa na plastiki.

Tazama miiba kwanza

Kabla hujatoka na ndoo, hili usiliruke. Ochuoga ina ndugu hatari anayeitwa msunguti. Zote mbili ni za familia moja ya mimea, zote hutoa utomvu mweupe, na matunda ya msunguti yakiiva nayo huwa zambarau iliyokolea. Msunguti ndio mti ambao Wakamba na Wagiriama walichemsha ili kupata sumu ya mishale ya kuwindia. Sumu hiyo hushambulia moyo.

Tofauti iliyo rahisi kuona ni miiba. Ochuoga ina miiba mikali, mara nyingi miwili miwili kwenye tawi. Msunguti hauna. Kwa hivyo kichaka kisicho na miiba, kiache kilivyo hata kama matunda yanavutia vipi. Mara ya kwanza nenda na mtu anayeijua mimea ya kwenu, mama au nyanya aliyeichuma tangu utotoni. Chuma yaliyoiva kabisa pekee. Na usiingie Mbuga ya Kitaifa ya Ruma kuchuma. Pale mimea inalindwa kisheria kama wanyama wanavyolindwa.

Kwa nini mafuta na sio siagi?

Ukioka kwa siagi au majarini, unaisugua pamoja na sukari ili ishike hewa. Ile hewa ndiyo inayosaidia keki kuumuka. Mafuta ya maji hayawezi kushika hewa hivyo, kwa hivyo kazi hiyo inabebwa na mayai yaliyopigwa vizuri pamoja na beking pauda.

Faida ya mafuta inaonekana siku ya pili. Siagi hurudi kuwa ngumu inapopoa, na keki yake hukauka mapema. Mafuta hubaki maji, yanaupaka unga na kuuzuia usishikane kama chapati. Ndiyo maana keki ya mafuta uliyoioka Ijumaa jioni bado ni laini Jumapili baada ya kanisa.

Kazi hiyo ya ulaini, mafuta yoyote ya maji yanaifanya. Alizeti inaifanya, na mafuta ya mahindi pia. Zeituni inachoongeza ni ladha: harufu ya majani mabichi na ukali kidogo kooni. Na harufu hiyo, sehemu kubwa hupotea ukiipitisha kwenye moto wa dakika 50. Kumimina nusu kikombe cha zeituni kwenye unga ni kuchoma pesa. Tia alizeti kwenye unga, kisha nyunyizia zeituni juu ya keki iliyopoa. Ulimi utaisikia zaidi, na chupa ndogo itakaa nawe muda mrefu.

Bei yenyewe pia ina sababu. Hispania ndiyo inayozalisha mafuta mengi zaidi ya zeituni duniani, na ukame wa 2022 na 2023 uliathiri vibaya mavuno yake. Bei ikapanda dunia nzima. Mzeituni mwitu unaota hata Kenya, kwenye misitu ya nyanda za juu, na ni spishi moja na ule wa Hispania. Ila tunda lake ni dogo na nyama yake haba, kwa hivyo watu huutafuta kwa mbao zake ngumu, na Wamaasai huutumia kufukizia vibuyu vya maziwa.

Keki ya sufuria, bila oveni

Huna oveni? Wapwani hawakuingoja. Mkate wa kumimina wao huokwa kwa moto wa chini na makaa juu ya kifuniko. Hapa tutatumia njia iliyo rahisi zaidi, ya mchanga.

Unahitaji:
Unga wa ngano vikombe 2
Sukari robo tatu ya kikombe
Mayai 3
Mafuta ya alizeti nusu kikombe
Mala nusu kikombe
Beking pauda vijiko vidogo 2
Chumvi kidogo sana
Ochuoga, forosadi au nyama ya zambarau kikombe 1
Mafuta ya zeituni kijiko kikubwa 1, ya kumalizia

Chukua sufuria kuukuu iliyo nzito, maana itachafuka. Weka ndani mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, funika, na uiweke kwenye jiko la makaa kwa dakika 15 ili ipate joto.

Piga mayai na sukari hadi mchanganyiko uwe mweupe na mzito. Usiwe mvivu hapa, kwa sababu ndiyo hewa yako yote. Mimina mafuta polepole huku ukiendelea kupiga, kisha mala. Chekecha unga, beking pauda na chumvi juu yake, ukoroge kwa mwiko hadi unga upotee tu. Ukizidi kukoroga, keki itakuwa ngumu.

Ochuoga zipasue katikati na utoe mbegu. Zambarau zikamue nyama iachane na kokwa. Pangusa maji, zigaragaze kwenye unga mkavu kidogo ili zisizame, kisha changanya. Mimina kwenye bati la sentimita 20 lililopakwa mafuta, liweke juu ya mchanga, funika na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Moto uwe wa wastani. Usifunue kabla ya nusu saa. Kwa kawaida huiva kati ya dakika 45 na 50. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva.

Ikishapoa, toboa matundu madogo juu kwa kijiti na unyunyizie kile kijiko cha zeituni. Huna zeituni? Ruka hatua hiyo. Bado ni keki nzuri.

Onyo moja kuhusu rangi: usitie magadi. Rangi ya matunda haya hubadilika kulingana na kilichomo. Ikikutana na uchachu wa ndimu au mala huelekea wekundu, na ikikutana na magadi huelekea buluu na kijani. Keki inaweza kuwa tamu kabisa na bado ikaonekana kama imeota ukungu.

Glasi ya mala, bila kuoka

Siku ambayo makaa yameisha, fanya hivi. Mimina mala lita moja kwenye kitambaa safi, ning'iniza juu ya bakuli mahali penye kivuli kwa saa tatu hivi hadi maji yachuruzike. Kwa joto la Sindo usiiache usiku kucha nje ya friji, itachacha kupita kiasi.

Chemsha vikombe 2 vya matunda na vijiko 3 vikubwa vya sukari na nusu kikombe cha maji kwa dakika 10. Ponda kwa mwiko, chuja mbegu, kamulia nusu ya ndimu na uache ipoe. Pakua mala nzito kwenye glasi, mwagia sosi hiyo, kisha kijiko kidogo cha zeituni na punje chache za chumvi. Usishtuke kwa chumvi. Ndiyo inayofanya utamu usimame. Na kwa kuwa kitu hiki hakijaguswa na moto baada ya kuandaliwa, hapa ndipo zeituni inasikika vizuri kuliko mahali pengine popote.

Kiasi pia kina maana. Kijiko kikubwa cha mafuta yoyote, yawe zeituni au alizeti, kina kalori karibu 120. Zeituni ina mafuta ya aina inayoupendelea moyo kuliko siagi, lakini haigeuzi keki kuwa sukuma wiki.

Ukitaka kugeuza kuwa hustle

Kuna kijana atasoma hapa na kufikiria: hii naweza kuuza. Unaweza. Matunda hayakugharimu ila muda na mikwaruzo, kwa hivyo pesa zako zinaenda kwa mayai, unga, sukari na makaa. Andika kila bob uliyotumia kwa keki moja, pamoja na makaa, ugawanye kwa vipande ulivyokata, ndipo upange bei. Wengi huanguka kwa kusahau makaa na kazi ya mikono yao.

Kabla hujaweka meza sokoni, tafuta kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula. Na kwa kuwa matunda ni ya msimu, chemsha sosi ya ziada wakati yapo mengi. Ukipata nafasi kwenye friza ya jirani, utakuwa na kitu cha kuuza hata vichaka vikiwa vitupu.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari. Kichaka cha ochuoga kisichomletea mtu chochote hukatwa mapema: kinafyekwa shamba lipanuliwe, au kinaishia kuwa kuni na makaa. Ndege wanakosa, na watoto wa darasa la tatu pia. Mwenye kichaka akijua kuna kijana atakuja kuchuma na kumwachia kitu kidogo, panga hungoja.

Na kama kwenu hakuna kichaka, zile mbegu ulizotoa kwenye matunda usizitupe. Zioshe, zianike kivulini, uzipande msimu wa mvua kando ya ua. Ochuoga hutengeneza ua mzuri wa miiba ambao mbuzi na wezi wote huuheshimu. Itachukua miaka kabla haujakupa kikombe cha kwanza cha matunda, kwa hivyo ni vyema uanze na mvua zinazokuja.