"Imeumwa": neno moja, jiwe la nyoka na dola 20 zilizopotea

Ujumbe uliingia asubuhi kwenye simu ya kaka yetu mkubwa, anayeishi Baraka: "Mbuzi ya mama imeumwa. Inapumua vibaya. Tuma dawa mbio." Aliyeuandika ni mdogo wetu wa kike, aliye nyumbani Lubondja. Mbuzi huyo alikuwa na mimba, na kuuzwa kwake baada ya kuzaa ndiko kulikotegemewa kulipa ada za mtihani wa taifa, ule tunaouita egzeta. Mtahiniwa mwenyewe ni huyo huyo mdogo wetu.

Kaka alisoma "imeumwa" akaona nyoka. Msimu ulikuwa wa majani marefu, na watu wa Fizi wanajua nini hukaa ndani yake. Akanunua jiwe jeusi, lile kipande cha mfupa uliochomwa ambalo watu wengi Kongo huliweka juu ya jeraha la nyoka wakiamini kwamba linanyonya sumu. Akamlipa motari alipeleke Lubondja. Jiwe na usafiri vilimla dola 20. Motari alipofika, mama alimgeuza mbuzi huku na huku akitafuta mahali pa kuweka jiwe. Jeraha halikuwepo. Mdogo wetu akapanda kilima kutafuta rezo, akampigia kaka: "Yaya, nani alikuambia nyoka?"

Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Waliponipigia simu wakiwa bado wanalaumiana, niliona kwamba hakuna aliyekosea Kiswahili. Kila mmoja alitumia Kiswahili chake vizuri kabisa, na shida ilizaliwa pale viwili hivyo vilipokutana.

Tuanze na mzizi. Lugha nyingi za Kibantu zina kitenzi cha kung'ata chenye umbo linalokaribiana: Waganda husema "okuluma", Wanyarwanda na Warundi husema "kuruma". Kiswahili sanifu kimeipoteza sauti hiyo ya kwanza, kikabaki na "kuuma". Hilo si jambo la neno moja tu. Waganda husema "enjala", Wanyarwanda "inzara", nasi darasani tunaandika "njaa". Lakini Kiswahili cha nyumbani kwetu, kama cha sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, kimeshika "l" yake: tunasikia "njala", na nyoka au mbwa "analuma". Kwa mama, aliyekua akisema Kibembe kabla ya Kiswahili, kiumbe kilichong'atwa "kimelumwa". Kiumbe kisicho na afya "kinagonjwa".

Mdogo wetu, kinyume chake, amekulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika mkoa wa Kigoma, ambako familia nyingi za Fizi zilikimbilia vita. Huko alizoea kusikia "anaumwa" kwa maana ya "ni mgonjwa". Kisarufi, "anaumwa" ni kauli ya kutendwa ya "kuuma": maumivu ndiyo yanayomng'ata mtu. Ndiyo sababu kiunganishi "na" kinaweza kutumika mahali pote pawili: mtu huumwa na tumbo, na mtu huumwa na nyoka.

Kwa kawaida Kiswahili cha Tanzania huipunguza hatari hiyo kwa njeo. "Anaumwa", yenye -na-, huelekea ugonjwa, na "ameumwa", yenye -me-, huelekea meno. Aliyeanza kuugua "ameugua". Lakini mdogo wetu alikuwa akifikiri kwa sentensi ya nyumbani, "imegonjwa". Akatoa mzizi wa Fizi, akaweka mzizi wa Kigoma, na -me- ikabaki mahali pake. Kaka naye, kwa kuwa "kugonjwa" ndilo neno lake la ugonjwa, "kuumwa" aliielewa kuwa ni "kulumwa" ya vitabuni. Hapo ndipo nyoka alipoingia.

Makosa ya pili nusura yafanyike siku hiyo hiyo. Muuza dawa mmoja aliambiwa "mbuzi inaharisha" akataka kutoa dawa ya minyoo aina ya albendazole. Hakuuliza kama mnyama ana mimba, na dawa hiyo ina hatari kwa kilicho tumboni hasa mwanzoni mwa mimba. Niliomba wasinunue chochote kwanza. Kaka akampata mganga wa mifugo kwa simu, na jambo la kwanza alilolisema mganga lilinifurahisha kama mwanafunzi wa lugha: asiambiwe jina la ugonjwa, aambiwe kinachoonekana.

Maswali yake yalikuwa haya, na nayaandika kwa sababu kila mwenye mfugo anaweza kuyajibu kabla ya kutumia hata faranga moja:

Tangu lini? Anakula? Anacheua? Anapumua mara ngapi kwa dakika moja? Mbuzi aliyetulia hupumua kama mara 15 hadi 30. Joto lake ni ngapi? Kipimo huwekwa njia ya haja kubwa, na mbuzi mzima huwa na nyuzi kama 38.5 hadi 40. Macho na pua vinatoa nini: maji, au makamasi mazito? Ndani ya mdomo kuna vidonda? Kinyesi kikoje? Ana mimba ya miezi mingapi kati ya mitano? Na la mwisho: kuna mbuzi mgeni aliyeingia zizini karibuni?

Majibu ya mama, kwa Kiswahili chake, yalitosha: homa, machozi, makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuharisha, kuhema. Na ndiyo, mbuzi mmoja aliyenunuliwa sokoni alikuwa ameingia zizini siku chache kabla. Hakuna maabara iliyopima, lakini mganga alisema dalili zinafanana na sotoka ya mbuzi na kondoo.

Hata jina hilo linafundisha. Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe ambao dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba umetokomezwa. Huu wa mbuzi unatokana na kirusi cha ukoo huo huo, ndiyo maana umepewa jina la ndugu yake. Hauambukizi watu. Hakuna dawa inayokiua kirusi chenyewe. Antibiotiki husaidia dhidi ya bakteria wanaovamia mapafu baadaye, na chanjo hulinda mbuzi ambao bado ni wazima.

Ukiujua mpangilio huo, unajua pesa iende wapi. Jambo la kwanza halikuwa na gharama: kumtenga mgonjwa, maji yake na majani yake. La pili lilikuwa kukadiria uzito, kwa sababu dozi hufuata kilo. Dozi ya nusu ni pesa iliyotupwa. La tatu lilikuwa kuuliza siku ngapi zipite kabla ya kula nyama ya mnyama aliyechomwa sindano. La nne ni swali gumu, nalo mganga aliliuliza bila kuficha: mbuzi huyu angeuzwa dola 60 hivi, mtasimama mkifika ngapi? Mama alisema 25. Kipimo cha joto, dawa na malipo ya mganga vilifika 22.

Mbuzi alipona. Mimba ilitoka siku ya tatu, jambo ambalo ugonjwa huo hulifanya mara nyingi. Wengine watatu waliotengwa hawakuugua. Ada za egzeta zililipwa kwa kuuza beberu ambaye mama alikuwa amemweka kwa ajili ya mabati ya nyumba. Mdogo wangu atafanya mtihani, nyumba itasubiri. Zile dola 20 za jiwe zingekaribia kulipa matibabu yote.

Tunaosoma lugha hupenda kusema kwamba lahaja zote ni sawa, na ni kweli. Lakini usawa huo haumaanishi kwamba tunaelewana kila mara, hasa kwenye ujumbe mfupi, ambapo msomaji hasikii sauti wala hawezi kuuliza papo hapo. Dawa yake si kumlazimisha mama aseme sanifu. Ni kuacha neno linalobeba mambo mawili na kutaja kinachoonekana. Mwezi uliopita mdogo wangu aliandika kuhusu kuku: "Haikulumwa na kitu. Haikule tangu jana, mavi ni ya kijani, shingo inapinda." Kaka alisoma mara moja, akampigia mganga.