Kwa Wanaoanza Kufundisha Kiingereza katika Madarasa ya Jioni



Tunaandika haya kutoka Kabezi, kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura katika barabara iendayo Rumonge. Sisi si walimu. Wengi wetu katika kamati tuliishia shule ya msingi, na Kiingereza kidogo tulicho nacho tulikiokota bandarini, katika malori, na wengine katika makambi ya wakimbizi kule Tanzania. Lakini tumeketi katika madarasa ya jioni kama wanafunzi, tumeyafungua madarasa hayo kama chama, na tumeyaona yakifa. Jinsi darasa linavyokufa twaijua vizuri, na hilo ndilo tunaloweza kumweleza mwalimu mpya.

Kwanza mwalimu ajue kwa nini watu wamekuja. Mwenzetu mmoja, mpokeaji wa mizigo, alipewa karatasi na dereva aliyetoka Dar es Salaam. Chini ya karatasi ile paliandikwa "received in good condition", maana yake mzigo umepokewa ukiwa katika hali njema. Magunia matatu yalikuwa yameloa. Yeye akatia sahihi, kwa kuwa alidhani anathibitisha hesabu ya magunia tu, na hesabu ilikuwa sawa. Hasara ikakatwa katika mshahara wake. Tulipokwenda kumtetea tukaonyeshwa sahihi yake, nasi hatukuwa na la kujibu.

Mambo ya namna hii yamezidi tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiingereza kikawekwa katika shule za watoto pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na mwaka 2014 kikafanywa lugha rasmi kwa sheria. Watoto wakapata mwalimu. Baba zao na mama zao, ambao ndio wanaovuka mpaka wa Kobero na magari, au kupeleka mizigo Kigoma kwa mashua, hawakupata mtu. Ndiyo maana chama kikafungua madarasa.

Darasa letu la kwanza lilianza kwa kishindo. Benchi zote zilijaa, wengine wakasimama mlangoni. Mwalimu alikuwa kijana hodari, mwenye cheti. Jioni tatu mfululizo akajaza ubao kwa "I am, you are, he is", akaagiza yaandikwe yote daftarini. Jioni ya nne mama mmoja muuza ndagala akauliza mteja akitaka kupunguziwa bei husemaje. Kijana akacheka, akasema, "Mama, huko bado hatujafika." Mama yule hakurudi, na wenzake wa benchi ile hawakurudi. Mwezi ulipokwisha zilibaki benchi mbili.

Hatumlaumu sana kijana yule. Alifundisha kama alivyofundishwa. Lakini mtoto wa shule ana miaka mbele yake, tena hana ruhusa ya kuondoka. Mtu mzima aliyetoka kazini amechoka, jikoni kwake wanamngoja, naye anaweza kuondoka wakati wowote. Akitoka darasani bila neno moja la kutumia kesho, amekwisha jua kwamba amepoteza jioni yake.

Basi tunashauri hivi. Kabla ya somo la kwanza, mwalimu aende akaone kazi za wanafunzi wake. Aende mwaloni alfajiri, asimame penye malori, aombe karatasi za zamani zisizotumika tena: hati za mizigo, stakabadhi, fomu za mpakani. Hivyo ndivyo vitabu vyake. Katika karatasi moja ya mzigo tulipata maneno ya kutosha masomo sita: "weight", "seal", "empty", "damaged", "signature", "date". Mwanafunzi huyajua mambo yenyewe tangu zamani, jina lake la Kiingereza tu ndilo analokosa. Yule mpokeaji wa mizigo tuliyemtaja alijifunza katika darasa la pili kuandika juu ya sahihi yake maneno matatu, "three bags wet". Maneno matatu tu, na ni jioni moja ya kazi.

Kuhusu lugha ya kuelezea, mwalimu atazame benchi zake vizuri. Hapa kwetu utakuta waliosoma Burundi, ambao wana Kifaransa kidogo. Kando yao wameketi waliozaliwa au kukulia Tanzania, watoto wa waliokimbia mwaka 1972, ambao walisoma kwa Kiswahili na Kifaransa hawakijui kabisa. Mwalimu akieleza kila neno kwa Kifaransa, nusu ya darasa inafunzwa lugha ngeni kwa lugha ngeni. Kirundi na Kiswahili vinatosha. Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa kweli hatumii lugha ya nyumbani darasani. Sisi twaona kwamba neno moja la Kiswahili likiokoa robo saa ya kuonyesha kwa mikono, litumike, halafu turudi katika Kiingereza. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mwalimu kwelikweli kabla ya siasa, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1969. Hakuona haya kuziweka lugha hizo mbili mezani pamoja.

Wale wenye Kifaransa nao wana mitego yao, na mwalimu awaonye mapema. Neno "demander" kwa Kifaransa ni kuomba tu. "Demand" kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Mfanyakazi akimwandikia bosi wake "I demand two days" akidhani ameomba siku mbili kwa adabu, atashangaa kwa jibu atakalopata. (Sisi wa chama neno hilo twalipenda, lakini lina mahali pake.) Vivyo hivyo "pass an examination" kwa Kiingereza ni kushinda mtihani, si kuufanya tu.

Kiswahili pia kinatutega. Sisi twasema kuazima kwa mtu anayetoa na kwa mtu anayepokea, na akili inajua nani ni nani. Kiingereza kina maneno mawili, "lend" na "borrow", nayo yakigeuzwa deni linahama mtu. Halafu yeye wetu ni yeye, mume au mke. Kiingereza kinataka "he" au "she" kila mara, na mtu mzima atakosea hata mwaka mzima. Mwalimu asikasirike, bali aendelee kurudia.

Kuna jambo moja ambalo walimu wapya hulipita haraka, nasi twaomba wasilipite: kujibu swali lenye kukana. Ukiulizwa "Hujalipwa?" nawe hujalipwa, wajibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijalipwa. Kwa Kiingereza jibu ni "No". Sasa fikirini dereva mpakani ameulizwa kwa Kiingereza kama hana karatasi, naye anazo, akajibu "No" kwa maana ya Kiswahili, kwamba si kweli, ninazo. Ofisa ameandika hana. Dawa yake ni kufundisha jibu kamili: "I have the papers." Asiseme ndiyo wala hapana, aseme jambo lenyewe. Zoezi hili lifanywe kwa mdomo, mwanafunzi kwa mwanafunzi, hata mara ishirini.

Na saa. Saa zetu zahesabiwa tangu jua kuchomoza, za Kiingereza tangu usiku wa manane na adhuhuri. "Seven o'clock" ni saa moja, si saa saba. Mwenzetu aliandikiwa kufika melini "7 a.m.", akaona tarakimu 7, akafika saa saba mchana. Meli haikumngoja. Katika darasa letu sasa saa ya ukutani ni somo la wiki ya kwanza. Tunageuza mishale kwa mkono, nao wasema kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Katika matamshi mwalimu asitafute sauti ya London. Anayemsikiliza mtu wetu ni Mtanzania wa Kabanga, Mkenya, Mganda, nao wana sauti zao. Lakini pale sauti inapobadili maana, hapo asimame. Ulimi wa Kirundi huigeuza L kuwa R, basi "load", yaani mzigo, inakuwa "road", yaani barabara. Tena sisi sote twapenda kutia irabu mwisho wa neno, tukasema buku kwa "book", na hiyo haidhuru sana. Kitu kinachowavunja moyo zaidi ni maandishi. Mtu aliyezoea Kiswahili husoma kila herufi aionayo, naye akikuta "receipt" ataitamka P ambayo Waingereza wenyewe wameiacha. Kwa hiyo neno lisikike kwanza, lisemwe na wote, kisha ndipo liandikwe ubaoni. Mwalimu akianza na ubao, jicho litauharibu ulimi.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, nalo si la lugha. Mwalimu ana miaka ishirini na mitatu. Mwanafunzi ana hamsini, ana wajukuu, na huenda ni rafiki wa baba yake mwalimu. Atamsahihisha vipi? Tumeona kijana akimwambia mzee "Hapana! Kosa!" mbele ya watu, na mzee akafunga daftari polepole. Tumeona pia kijana mwingine, kwa hofu ya heshima, akiacha makosa ya wazee yapite yote, na wazee wakagundua kwamba wanafunzwa uongo. Aliyefaulu tuliyemwona alikuwa binti mmoja. Mzee akisema "Yesterday I go Rumonge", yeye alijibu kwa sauti ya kawaida, "Ah, Mzee, yesterday you went to Rumonge. What did you buy?" Mzee alisikia, akajirekebisha mwenyewe katika jibu lake. Makosa yaliyorudiwa na wengi aliyaandika ubaoni mwisho wa somo, bila majina. Naye hakuacha kuwaita Mzee na Mama hata alipokuwa akisema Kiingereza, ingawa Waingereza hawana desturi hiyo. Alifanya vema.

Mwalimu asiogope pia kusema "Neno hili silijui, nitalileta Alhamisi." Wapo wanaodhani kwamba wakisema hivyo heshima itakwisha. Kule Rwanda, serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yahame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu wengi walilazimika kufundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa bado wakijifunza. Kuwa hatua moja mbele ya mwanafunzi si aibu. Lakini hilo neno aliloahidi Alhamisi, Alhamisi liwepo.

Kila somo lisimame peke yake. Dereva huondoka wiki mbili. Mvuvi hulala kutwa baada ya usiku wa kazi, na mwezi ukiwa mkubwa, taa zisipovuta samaki, ndipo anapata nafasi. Tena uhaba wa mafuta ya gari umetufundisha kwamba mtu anaweza kukosa darasa kwa kukosa basi tu. Somo la leo likiegemea la juzi, na la juzi likiegemea la kabla yake, aliyekosa moja amekosa yote, naye hatathubutu kurudi. Tumia dakika kumi za kwanza kurudia ya zamani kwa maswali, wenye kujua wawajibie wasiojua. Saa moja yatosha. Baada ya hapo watu wanapiga miayo na mwalimu anajisemea mwenyewe.

Mwisho tuseme juu ya malipo, maana mwalimu naye ni mfanyakazi, na katika hili aibu ni yetu. Mwaka wetu wa kwanza tulimwahidi mwalimu posho kwa maneno ya mdomo. Michango ikachelewa, nasi tukamwambia avumilie, tena avumilie. Siku moja akatudai mbele ya darasa zima, na wanafunzi wake wakawa upande wake. Chama kinachodai mikataba ya maandishi kwa waajiri kilikuwa hakijaandika mkataba na mwalimu wake mwenyewe.

Kwa hiyo kijana anayeanza asikubali kushika chaki kabla ya karatasi. Iandikwe siku za kufundisha na saa, kwa kuonyesha kama ni saa za Kiswahili au za Kiingereza. Iandikwe posho na tarehe ya kuilipa, na nani ananunua chaki na betri za taa umeme unapokatika. Iandikwe pia kama atalipwa siku aliyofika yeye na wanafunzi wasifike, kwa sababu siku hiyo itakuja, hasa katika masika, na yeye atakuwa amekwisha tembea njia yote. Nakala mbili, moja abaki nayo. Sisi tumeandika ya kwetu kwa Kiswahili na Kirundi. Wanafunzi wa benchi ya mbele wameomba waitafsiri wenyewe kwa Kiingereza, nao wamefika kifungu cha tatu.