Pompeii Bila Mwongozaji ni Mawe Matupu: Panga Ziara Yako Hivi



Sisi na Waitaliano tumejuana zamani. Malindi na Watamu utamkuta kijana wa ufuoni anayezungumza Kitaliano vizuri kuliko Kiingereza alichosomeshwa shule, na si nyumba moja wala mbili zilizo na mtoto aliyeoa au kuolewa huko akahamia. Sasa wazazi wanaitwa kutembea. Mwezi huu peke yake nimeulizwa na watu watatu swali lile lile: tukifika Italia tunataka kuuona ule mji uliofukiwa na volkeno, tufanyeje? Mmoja wao ni bi mkubwa wa miaka 70, magoti yamechoka lakini hamu anayo. Mimi nimesomea utalii, diploma, na nimetembeza wageni miaka kadhaa kabla ya kuanza kuandika. Kwa hiyo jibu langu linaanzia pale ninapopajua, nako ni kwa mwongozaji. Tiketi, treni na viatu vinafuata nyuma yake.

Mji wenyewe ni Pompeii, karibu na Napoli, kusini mwa Italia. Mwaka 79, wakati wa dola ya Kirumi, mlima Vesuvius ulilipuka ukaufunika kwa mawe mepesi na jivu. Hiyo ni karibu miaka 500 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (SAW). Mji ukalala chini ya ardhi mpaka ulipoanza kuchimbuliwa mwaka 1748, na hadi leo kama theluthi moja yake haijafukuliwa. Ni mkubwa, hekta 66 hivi. Gedi unaweza kuizunguka asubuhi ukarudi nyumbani kabla ya adhuhuri na ukasema umeiona. Pompeii usijaribu.

Namjua mtu aliyekwenda peke yake, kwa gharama kubwa, akarudi na neno moja: mawe. Hakudanganya. Nyumba nyingi hazina paa. Michoro mizuri na vyombo vingi vilihamishwa zamani kupelekwa makumbusho ya Napoli. Mitaa imegawanywa katika kanda 9 zenye namba, na mgeni asiyejua anapita kona baada ya kona kuta zote zinafanana, jua linawaka, mwisho anatafuta mlango wa kutokea. Aliye na mwongozaji mzuri anapita njia hiyohiyo akaona mtaa wa watu.

Chukua barabara zenyewe. Katikati kuna mawe makubwa yaliyoinuka, yamepangwa kwa nafasi. Bila maelezo utadhani ni vizuizi. Kumbe ni ya kuvukia: maji na uchafu vilipita barabarani, mtu akakanyaga mawe bila kulowa, na nafasi ziliachwa ili magurudumu ya mikokoteni yapite. Alama za magurudumu zimechimbika kwenye mawe hadi leo. Pembeni utaona meza za mawe zenye matundu ya duara na mitungi iliyozikwa ndani yake. Hivyo ni vibanda vya chakula, na mji ulikuwa navyo kwa makumi. Watu wengi wa kawaida hawakuwa na jiko la maana nyumbani, wakinunua chakula cha moto njiani kama sisi tunavyonunua mahamri na mbaazi asubuhi. Hamamu ziko kadhaa, na kubwa yao ina upande wa wanaume na upande wa wanawake, kila mmoja na mlango wake. Matanuri ya mikate yapo na mawe ya kusagia yamesimama. Katika tanuri moja ilikutwa mikate 81 imegeuka makaa. Mwokaji aliitia motoni siku ile na hakuna aliyerudi kuitoa.

Mwisho wa mji, upande wa mashariki, upo uwanja wa michezo ya mapigano, wa kubeba watu 20,000 hivi. Mwaka 59 mashabiki wa Pompeii na wale wa mji jirani wa Nuceria walianza kwa matusi, wakaja kwenye mawe, wakamaliza kwa silaha. Watu wakafa. Serikali ya Roma ikaufungia mji michezo hiyo kwa miaka 10. Aliyewahi kutoka uwanja wa mpira mechi ya mahasimu ikivunjika hahitaji kutafsiriwa.

Haya yote yamo mdomoni mwa mwongozaji, na ndiyo maana uchague kwa makini. Italia kazi hii ni ya leseni, na mwenye leseni ana kitambulisho chake. Mwombe akuonyeshe bila haya. Ukishuka tu kwenye treni utakutana na watu wenye fulana nadhifu na meza zilizoandikwa habari na tiketi, wakikwambia foleni ni ndefu na kundi linaondoka sasa hivi. Sisi watu wa pwani mpigadebe hatuhitaji kutambulishwa. Wapo kati yao wanaouza ziara halali, sikatai, lakini aliyekwisha kupanga kila kitu nyumbani hana sababu ya kusimama pale.

Zipo njia mbili. Unaweza kujiunga na kundi la watu wengi, bei ikawa nafuu, mkavaa vidude vya masikioni mkamsikiliza mwongozaji kwa mbali. Au unaweza kumkodi wa peke yenu. Kwa familia yenye mzee, mimi nasema mkodi wa peke yenu hata kama mtapunguza mambo mengine. Kiswahili usikitarajie, utapata Kitaliano au Kiingereza. Kijana wenu anayejua lugha atamfasiria mama, na kufasiri huku mmevaa vidude masikioni na kundi linakimbia mbele hakuwezekani. Saa mbili ni chache, omba tatu.

Ukishampata, mwandikie kabla ya siku. Mimi nilipokuwa kazini, mgeni aliyeniandikia mapema nilimpangia njia yake, na asiyeniandikia alipata njia ya kila mtu. Mwambie umri wa wageni na hali ya miguu. Mlango ulio karibu na stesheni, Porta Marina, unaanza kwa mpando mkali wa mawe yaliyosuguliwa na miaka. Mwenye magoti mabovu aingie kwa Piazza Anfiteatro, ambako inaanza njia iliyosawazishwa, ya zaidi ya kilomita 3, waliyoitengeneza kwa ajili ya viti vya magurudumu na wazee. Mwongozaji asiyejua mapema atakungojea mlango mwingine, na asubuhi imekwisha.

Jambo la pili la kumwandikia wengi huliona haya, kisha hulijutia wakiwa na watoto na wakwe. Warumi hawakuwa na aibu zetu katika michoro. Lipo danguro lenye picha zake ukutani, na makundi mengi hupelekwa huko kama sehemu ya kuchekesha. Hata nyumba maarufu ya Vettii, iliyofunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati mrefu, ina mchoro wa namna hiyo mlangoni kabisa. Sisemi usiende, kila mtu na nyumba yake. Nasema mwambie mapema mna wazee na watoto, na danguro mlipite. Hakuna atakayeshangaa.

Kuhusu swala, ziara ya asubuhi ndiyo inayokufaa. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya adhuhuri na alasiri, mambo ambayo ustadhi wako atakufafanulia kabla hujaondoka, kwa hiyo huna haja ya kutandika mswala kati ya makundi ya watalii. Karibu na stesheni kuu ya Napoli wanaishi Waislamu wengi kutoka Afrika na Bara Hindi, na nyama ya halali utaipata huko. Magofuni beba chakula chako kidogo.

Nimebakisha lile linalonigusa zaidi, nalo ni maiti. Waliokufa walifunikwa na jivu, jivu likagandamana, miili ikaoza na kuacha uwazi wa umbo la mtu. Mwaka 1863 msimamizi wa uchimbaji, Giuseppe Fiorelli, alimimina plasta ndani ya uwazi huo, likatoka umbo kamili: mtu amejikunja, mtu amefunika uso. Kama maumbo 100 yametengenezwa kwa njia hiyo. Watalii wengi huyaita sanamu. Si sanamu, kwani ndani ya plasta mifupa yao ipo. Sisi tumelelewa kwamba maiti ana heshima yake awe wa dini gani, na jeneza la Myahudi lilipopita Mtume (SAW) alisimama. Basi picha ya kucheka na kunyoosha vidole viwili mbele ya mtoto aliyekufa kwa kukosa pumzi, tuwaachie wenye kuitaka. Waambie vijana wenu kabla hamjafika, maana wakishafika simu zimeshatoka mifukoni.

Hapo hapo ndipo unapoweza kumpima mwongozaji wako. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu pamoja na mtoto, wakaambiwa ni mama na mwanawe. Uchunguzi wa DNA uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha mtu mzima yule ni mwanamume, na mtoto hana undugu naye. Mwulize pia mlipuko ulikuwa mwezi gani. Vitabu vya zamani vinasema Agosti 24, lakini mwaka 2018 lilipatikana andiko la makaa ukutani lenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na wataalamu wengi sasa wanaegemea Oktoba. Akikueleza pande zote mbili umepata mtu anayesoma. Akikariri ya zamani, msikilize kwa adabu.

Sasa ya haraka. Viza ya Schengen iombwe miezi kabla, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Tangu Novemba 2024 Pompeii inapokea watu 20,000 tu kwa siku na tiketi huandikwa jina, kwa hiyo nunua kwenye tovuti rasmi ya magofu, jina liwe kama la pasipoti, na pasipoti uwe nayo mlangoni. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, na kwa sababu hiyo iepuke. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa moja jioni. Majira ya baridi hufungwa saa kumi na moja. Mfuko mkubwa hauingii, huachwa mlangoni bila malipo. Vaa raba, si ndara. Kivuli ni kichache, lakini mabomba ya maji ya kunywa yapo mitaani, beba chupa tupu.

Treni ni ile ya Circumvesuviana kutoka Napoli Garibaldi, laini ya kwenda Sorrento, dakika 35 hadi 40. Shuka kituo kiitwacho Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Soma jina lote, kwa kuwa laini nyingine ina kituo cha Pompei Santuario kilicho katika mji wa sasa. Linda mfuko, treni hujaa kama matatu ya jioni.

Na msirudi bila kupita makumbusho ya kale ya Napoli, maana ndiko vilikopelekwa vyombo na michoro, ukiwamo mchoro wa zile fujo za uwanjani. Huko pia iko sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iliyochongwa Bara Hindi, ikakutwa Pompeii mwaka 1938. Mwulize mwongozaji ilifikaje, atakutajia bahari yetu. Katika karne hiyohiyo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha bandari za bahari hii, akaitaja pwani yetu kwa jina la Azania na soko lake la Rhapta, kulikotoka pembe za ndovu, na Waarabu waliokuja kwa pepo wakaoa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Makumbusho hufungwa Jumanne, kwa hiyo mkienda Pompeii Jumatatu, wekeni Napoli Jumatano.